Wateja wanataka niandike HAINA KEMIKALI kwenye sabuni yangu. Niandike?

povu_la_Makorora

Habarini za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Naombeni mawazo kabla sijapeleka hela kwa mtu wa lebo kesho.

Mie natengeneza sabuni ya maji hapa Makorora, Tanga, huu mwaka wa tatu. Nilianza na ndoo moja na mwiko wa ugali, mume wangu ananicheka, saivi natoa madumu matatu manne ya lita 20 kwa wiki, napeleka Mikanjuni, Mabawa na pale soko la Mgandini nina mama ananiuzia kwa kupima, lita 2,000. Sabuni yenyewe ya kawaida tu, salfoniki na sless (ndio za kutoa mafuta na povu), soda ashi, chumvi ya kuifanya iwe nzito, glisarini kidogo, pafyumu na rangi ya kijani. Nachanganya jioni naacha povu lilale, asubuhi nakuta imetulia inang'aa, napaki.

Sasa wiki iliyopita nikapata mteja Raskazone, dada mmoja mstaarabu tu, nimempelekea dumu la lita 5 akalishika akanusa akaniuliza "hii ni klini?" Nikamjibu dada'ngu sabuni isipokuwa safi itasafisha nini, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ana maana yake nyingine, ety huko duniani watu wameingia kwenye maisha ya klini, wanatoa ndani kila kitu chenye sumu, sabuni, dawa ya sakafu, marashi ya chooni, wanatumia vya asili tupu. Akanionyesha chupa yake ya lita 1 imetoka nje, 38,000, ina picha ya jani na maandishi makubwa haina hiki haina kile, nikahesabu haina saba. Nikamuuliza sasa INA nini? Akaigeuza, nyuma maandishi madogo kama sisimizi, tukahangaika nayo wote wawili dirishani hatukuambulia kitu.

Nimemweleza mtu wa lebo akasema hiyo kitu rahisi, weka jani, andika HAINA KEMIKALI, 100% ASILI, wenzio wote wanaandika, na bei panda mpaka 5,000. Roho inanisita maana najua ninachomimina kwenye ndoo. Ila 5,000 nayo naitaka, sitawaficha. Hiyo klini ni kitu gani hasa, mnunuzi anapata nini na sie tunaouza tunatakiwa tufanye nini?

---

dalali_wa_Mgandini

Andika ulale. Biashara bila mbwembwe ni sadaka. Nani atakwenda kupima? Mteja akitaka jani mpe jani.

---

kambi_popote

Naweka kiti hapa, na mie natengeneza ya chooni.

---

mkemia_mchovu

Dada usiandike, na huyo dalali msamehe bure.

Kwanza "haina kemikali" ni uongo hata kama ungekuwa unauza maji ya mvua, maana maji ni kemikali, chumvi ya chakula ni kemikali, mafuta ya nazi pia. Sabuni ndio usiseme. Ile ya mche anayoiita bibi yako ya asili imepikwa kwa mafuta na kostiki soda, kostiki hiyo hiyo inayozibua mabomba, ila vikikutana kwa vipimo sahihi kostiki yote inaliwa na mafuta, unabaki na sabuni na glisarini. Bila kostiki au maji makali ya majivu huna sabuni, una mafuta. Kwa hiyo ukimwona mtu anauza kipande cha "asili, hakina kemikali" ama hajui alichotengeneza ama anakudanganya.

Cha kuuliza ni kemikali GANI, kiasi gani, inamgusa nani na kwa muda gani. Hii ndio ingekuwa maana nzuri ya hiyo klini ila watu wameigeuza kuwa jani. Neno lenyewe halina mwenyewe, hata Marekani kule FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, hawana tafsiri ya kisheria ya klini wala ya asili kwenye vipodozi, kila kampuni inajitungia. Kuna moja ilijiita kabisa Honest, yaani mkweli, 2016 gazeti la Wall Street Journal likapeleka sabuni yake ya kufulia maabara likaandika limekuta SLS ndani, dawa kali ya kutoa povu, ile ile kampuni iliyosema haitumii. Kampuni ikabisha, lakini 2017 ikakubali kulipa dola milioni 1.55 kumaliza kesi za wateja. Sasa wewe na ndoo yako ya Makorora utamlipa nani?

Na sheria ipo hata kwetu. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, Tume ya Ushindani ndio inaisimamia. Viwango ni TBS, na tangu 2019 hata vipodozi vimehamia kwao kutoka ile iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA.

---

dalali_wa_Mgandini

Mkemia umeandika risala. Wateja wa Raskazone hawasomi sheria wanasoma jani.

---

mama_wa_wanne

Naomba nichangie kama mnunuzi maana mnaongea wauzaji na wataalamu tu.

Mie mtoto wangu wa tatu ana pumu. Sikujua habari za klini wala nini, nilichojua ni kwamba kila Jumamosi tukishafanya usafi jioni lazima akohoe. Mie nikidhani vumbi. Jumamosi moja nimeosha choo, nikamwaga ile dawa ya bluu ya chooni, naona doa halitoki nikaongezea jiki juu yake ili vipigane vizuri, choo chetu kidirisha chake hata kichwa cha paka hakipiti. Wallahi sikumaliza hata kusugua mara tatu, kitu kikanipanda puani, macho yanawaka, kifua kimebana, nikatoka nje nimeshika ukuta. Mtoto alikuwa chumba cha pili, yeye ndio ikabidi tumkimbize akawekewe mashine ya mvuke. Daktari aliponiuliza nilichanganya nini nilitamani ardhi ipasuke.

Tangu siku hiyo klini yangu mie ni kwamba jiki haionani na kitu kingine chochote, naitumia peke yake na mlango wazi, na siku hizi siitumii sana, sabuni na brashi vinatosha. Marashi ya kupuliza nimeacha. Sabuni nanunua isiyonukia sana, nayo ni kazi kuipata maana wauzaji wa huku mnaamini sabuni isipofika nyumba ya tatu kwa harufu haijakamilika. Povu_la_Makorora hebu fikiria kutoa hata dumu moja lisilo na pafyumu. Hilo nitanunua bila jani.

Kilichoniuma zaidi ni udi. Nimelelewa na udi, mama mkwe akija lazima afukize, na yule mtoto na moshi wa udi ni paka na panya. Udi ni wa asili kuliko chochote kile, sasa niambieni.

---

mkemia_mchovu

Mama wa wanne pole sana. Ile dawa ya bluu aghalabu ina asidi, na jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine nayo mbaya, kwa hiyo hata choo chenye mkojo mwingi usimwagie jiki kabla hujakiosha kwa maji. Hili lingeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila chupa badala ya jani.

---

Mdigo_Ughaibuni

Salaam kutoka Ujerumani, mie kwetu Mkinga ila napanga bidhaa supamaketi huku, rafu ya sabuni ni yangu kila Jumanne usiku, kwa hiyo hayo majani nayapanga kwa mikono yangu.

Mambo mawili. Kwanza msidhani chupa ya jani ni ya kampuni ndogo ya watu wenye ndevu na bustani. Seventh Generation ya Marekani ilinunuliwa na Unilever 2016, Ecover na Method zikachukuliwa na SC Johnson 2017. Sisemi ni vibaya, mkubwa akimnunua mdogo anaweza kumfikisha mbali, ila hela ya sabuni ya jani na ya sabuni isiyo na jani mara nyingi zinaishia mfuko mmoja.

Pili huku wameanza kubanwa. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria 2024 kwamba huwezi kuandika "rafiki wa mazingira" au "kijani" hivi hivi bila ushahidi unaokubalika, tarehe yake ya kuanza kutumika ni Septemba 2026. Na zamani kidogo, 2013, walibana fosfeti kwenye sabuni za kufulia maana zikifika ziwani na mitoni zinalisha mwani mwembamba ule wa kijani, unajaa, unamaliza hewa ya majini samaki wanakufa. Hiyo mie naiita klini ya kweli, hakuna aliyebandika jani, unga ulibadilishwa ndani ya boksi, mnunuzi hakujua hata siku ilipobadilika.

---

povu_la_Makorora

Jamani asanteni, nasoma yote, sasa hivi niko na ndoo huku simu iko mkono mwingine.

Ngoja niseme la moyoni. Mwaka wa kwanza niliharakisha, kulikuwa na harusi Duga wananidai madumu mawili, salfoniki, ambayo ni asidi, ikazidi sikuipoza vizuri na soda ashi. Sikuwa na karatasi za kupimia, nilikuwa napima kwa kuonja kwa ncha ya ulimi kama mwendawazimu (wengi tunafanya hivo msinicheke). Shangazi yangu ndio aliosha vyombo vya shughuli siku mbili mfululizo na ile sabuni, siku ya tatu akanionyesha vidole, ngozi inabambuka kama kitunguu. Hakunisema. Aliniambia tu "mwanangu sabuni yako kali, inasafisha mpaka mtu". Nikaenda kununua karatasi za pH wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo mkemia nimekuelewa. Ila nina swali, sie tunanunua kwa jumla Dar, unakuta pipa limeandikwa sless kwa kalamu ya wino mzito, basi. Yule wa juu yangu haniambii, mie ntamwambia nini mteja?

---

mkemia_mchovu

Hapo umeweka kidole penyewe, na ndio maana nasema mzigo huu sio wako peke yako. Muuzaji wa kemikali anatakiwa awe amesajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali na awe na karatasi ya usalama ya kila anachouza, imeandika jina kamili, ukali wake, ukimwagikiwa ufanye nini. Mwombe. Akisema hana, hama duka. Akiona wateja kumi wanaomba ataileta tu.

Na sless yenyewe ni mfano mzuri. Haichomi ngozi kama ndugu yake SLS, ila inavyotengenezwa kiwandani inaweza kubaki na mabaki ya kitu kinaitwa dayoksani, hakiandikwi kwenye viambato popote kwa sababu hakuna aliyekiweka, kimejiingiza. Jimbo la New York limeweka kikomo, kuanzia mwisho wa 2023 sabuni za nyumbani zisizidi sehemu 1 kwa milioni. Kiwandani kinapunguzwa kwa kusafisha malighafi zaidi. Wewe Makorora huwezi kukiona wala kukitoa, anayeweza ni aliyetengeneza lile pipa, kwa hiyo ukisikia kampuni kubwa inasema klini muulize hayo, achana na jani.

---

mzee_wa_mche

Vijana salaam aleikum. Mjukuu wangu kanisomea huu mjadala nikamwambia nipe hiyo simu.

Mimi nimefanya kazi kiwanda cha sabuni hapa hapa Tanga enzi za mashirika ya umma, nina kovu la kostiki hapa mkono wa kushoto linafanana na ramani ya Pemba. Basi nawaambia, hii sabuni ya unga na ya maji mnayoilaumu haikuja kwa hila. Maji ya visima vya pwani yetu ni magumu, yana chokaa na chumvi, ukifua kwa mche povu halitoki, linatoka lile donge jeupe linaganda kwenye nguo na kwenye beseni. Mama zetu walikuwa wanamaliza mche mzima kwa shuka mbili. Sabuni hizi za salfoniki hazigandi kwenye maji magumu. Zilimpunguzia mwanamke wa Ngamiani kazi nzito sana, lisemwe na hilo.

Lakini mnapenda mno povu! Povu halisafishi. Binti akiosha sahani tatu anataka povu mpaka kiwiko, halafu anatumia ndoo mbili za maji kulitoa, na maji ya bomba hapa yanatoka Mabayani kwa gharama, na yakishatumika yanakwenda mtaroni, mtaro unakwenda bahari, huko kwa silikanti wetu, wale samaki wa kale tuliowawekea hifadhi tangu 2009. Nusu kifuniko cha sabuni inatosha beseni zima.

Na mkitaka sabuni inayotoka povu hata kwa maji ya bahari, ni ya mafuta ya nazi. Mabaharia walikuwa wanaogea hiyo. Nazi tunazo, zinaoza Pangani huko, na nyie mnangoja mawese ya Malaysia.

---

kambi_popote

Shikamoo mzee. Ramani ya Pemba nimecheka peke yangu kwenye daladala.

---

sista_zamu_ya_usiku

Nimesoma yote hakuna aliyegusa ninachokiona mimi kazini, kwa hiyo mnivumilie.

Povu_la_Makorora unapaki kwenye nini? Kama ni chupa za maji ya kunywa zilizookotwa, acha leo, usingoje kesho. Mnaweka sabuni ya kijani kwenye chupa ya nusu lita, wengine jiki, wengine kostiki ya kuzibulia, wengine mafuta ya taa, chupa ile ile mtoto anayopewa maji shuleni. Mtoto wa miaka miwili hasomi haina wala ina. Nimempokea mmoja alfajiri amekunywa kostiki kutoka chupa ya maji, midomo imevimba, hamezi hata mate. Koo likishaungua hivo linajifunga kwa makovu, anaweza kuishi miaka anapanuliwa koo. Na nyumbani walikuwa wamemtapisha kwanza, kumbe kitu kinachounguza ukikirudisha juu kinaunguza mara ya pili. USIMTAPISHE. Chukua chupa yenyewe kimbia nayo hospitali waione.

Mimi nikisikia bidhaa ya nyumbani ni salama naangalia kifuniko kwanza.

La pili nalisema ingawa litaniharibia urafiki. Tunabishana pafyumu humu ndani, na nyumba nyingi za humu humu jiko la mkaa linawaka koridoni mvua ikinyesha. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 duniani vinavyotokana na hewa chafu ya majumbani, nyingi ni moshi wa kupikia. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Anayenunua sabuni ya 38,000 halafu dada wa kazi anapulizia mkaa chini ya dirisha la watoto, hiyo 38,000 ingejaza mtungi mdogo na chenji ikabaki.

---

dalali_wa_Mgandini

Sista umetukata maini, lakini kweli tupu. Kwangu mkaa. Gesi ikiisha katikati ya mwezi nani anasubiri mshahara na njaa.

---

binti_Mlingotini

Habari zenu Tanga, mie Bagamoyo, kijiji cha Mlingotini, tunalima mwani na tunatengeneza sabuni ya mwani ya vipande. Wateja wetu wengi wageni, wanapita mjini kuangalia Kaole na majengo ya zamani wanatafuta cha kubeba.

Swali la kemikali tunaulizwa kila siku. Mwanzo na sie tulikuwa tunasema haina, haina kabisa. Siku moja mama mmoja mgeni, mtu mzima, akauliza kwa upole "kwa hiyo mmeigandisha kwa kitu gani?" Tukatazamana. Nikamwambia kostiki. Akasema najua, nilitaka kuona mtasema. Akanunua vipande kumi na mbili. Sie tangu hapo tumeandika wazi, mafuta ya nazi, maji, kostiki soda, unga wa mwani, mafuta ya mchaichai, na tarehe tuliyoikata, maana inakaa wiki sita kivulini kabla ya kuuzwa. Hakuna aliyeacha kununua kwa ajili ya neno kostiki. Wanaouliza wanaelezwa.

Ila tusijidanganye, kipande chetu ni ghali na mtu wa kufua mashuka ya nyumba ya wageni hanunui mwani, ananunua unga. Sioni aibu kwa hilo. Kinachoniudhi ni wale wanaoweka rangi ya kijani na pafyumu ya limau kwenye sabuni ya kawaida wanaiita mwarobaini. Mwarobaini wenyewe una harufu gani nani asiyejua!

---

Mdigo_Ughaibuni

Binti hapo kwenye kuandika viambato, California wamelifanya sheria, ilipitishwa 2017, sabuni na dawa za usafi zote lazima ziorodheshe vilivyomo, mtandaoni kuanzia 2020 na kwenye chupa 2021. Kampuni zililalamika siri zao za pafyumu zitaibiwa. Sabuni bado zinauzwa.

---

dalali_wa_Mgandini

Sasa nyie mnataka huyu dada aandike salfoniki kwenye chupa, mama wa Mikanjuni akisoma salfoniki si atadhani betri ya gari? Ile ya haina inauza kwa sababu mtu anaogopa asichokijua. Mie nauza, najua. Na ile ya inaua vijidudu asilimia 99 je, mbona hamuisemi, hiyo ndio inauza kuliko jani!

---

mkemia_mchovu

Leo umeuliza la maana. Marekani FDA 2016 walipiga marufuku dawa 19 za kuua vijidudu kwenye sabuni za kunawia za majumbani, triklosani ikiwemo, kwa sababu kampuni zilishindwa kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Unanawa vizuri kwa mche wa kawaida unasugua sekunde 20, umemaliza.

Kuhusu salfoniki, andika kwa Kiswahili cha kueleweka halafu jina lake pembeni. "Dawa ya kutoa mafuta". Watu sio wajinga, wamezoea tu kutoambiwa.

Halafu povu usisahau kihifadhi. Ukifuata mtindo wa haina haina ukaondoa na kihifadhi, sabuni ya maji inakaa wiki kadhaa kwenye joto la Tanga inabadilika rangi, inanuka, ina bakteria, umeuza uchafu wenye jani. Na nenda SIDO, wale wa viwanda vidogo, uombe barua ya utambulisho uipeleke TBS, mjasiriamali mdogo habebeshwi gharama za upimaji mwanzoni. Wengi hawajui wanakaa wanaogopa.

---

povu_la_Makorora

Haya wakuu, nimekaa na daftari usiku huu, mume ananishikia tochi maana umeme umekatika. Mtu wa lebo nimemwambia asichape. Nimeandika hivi, mnirekebishe:

SABUNI YA MAJI YA VYOMBO NA SAKAFU. Ina: maji, dawa ya kutoa mafuta (salfoniki na sless), soda ashi, chumvi, glisarini, kihifadhi, rangi, pafyumu. Imepimwa ukali kabla ya kupakiwa. Nusu kifuniko kwa beseni moja. Usichanganye na jiki wala dawa ya chooni. Weka mbali na watoto, akinywa USIMTAPISHE, mpeleke hospitali na chupa hii. Imetengenezwa Makorora, tarehe ____.

Zitakuwa mbili, ya kijani yenye harufu na nyeupe isiyo na pafyumu wala rangi ya mama wa wanne, hiyo nyeupe kwenye lebo naitoa rangi na pafyumu. Chupa za maji nimeacha, leo nimetoa gunia zima nimempa mwokota chupa, nanunua madumu mapya yenye vifuniko vya kubana, mteja akirudisha dumu lake namjazia kwa pungufu ya 500. Bei nimeweka 2,500. Ile 5,000 nimeilia kidogo nikaiacha.

Nimemtumia picha dada wa Raskazone, kakaa kimya nusu saa roho juu, halafu akajibu "hii nimeisoma bila miwani, niletee lita 10 ile nyeupe."

---

mama_wa_wanne

Na mie 5 nyeupe, niko Chumbageni. Dumu ninalo.

---

mzee_wa_mche

Ongeza neno moja, "suuza mara moja". Maji.

---

dalali_wa_Mgandini

Niletee ishirini za kijani dukani kesho kabla ya saa 4. Ila yakhe hata kajani kadogo pale pembeni huweki?